Mashimo Tisa na Mtamba wa Baba Mkwe

Uwanja ule wa gofu umejengwa kuzunguka maji. Bango la barabarani linasema ni ziwa, lakini kila mtu kutoka Kitengela mpaka Kajiado anajua ni bwawa lililochimbwa kunyweshea ng'ombe, kabla mwenye shamba hajagundua kwamba wacheza gofu hawamalizi majani. Uwanja una mashimo tisa tu. Baba mkwe wangu huyacheza kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tangu nimwoe binti yake mimi ndiye mwenzake. Hunishinda kila mara. Ana miaka sabini na kitu, alikuwa afisa wa mifugo wa serikali, na mchezo huo alifundishwa na mkubwa wake kazini. Mimi nimefundishwa na yeye, na sikumrahisishia kazi. Wengine wana methali yao ya haraka haraka haina baraka. Yangu ni ngoja ngoja huumiza matumbo. Hata chai naimeza ikichemka.

Jumamosi ninayoisimulia niliendesha gari kutoka Kitengela nikiwa na jambo moja la kumwambia, na njia nzima nilikuwa nikilifanyia mazoezi kwa sauti, peke yangu, hadi dereva wa lori la mawe akanitazama kwa huruma pale tuliposimama pamoja kwenye tuta.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka miwili nyuma, siku tulipombatiza mtoto wetu wa pili, mzee alikuja Kitengela na pikapu, akamteremsha mtamba mwekundu mwenye kipaji cheupe, akamfunga kwenye lango langu. Kiwanja changu ni futi hamsini kwa mia. Kina nyumba, tangi, gari na kamba ya kuanikia nguo. Majirani walitoka kucheka. Mtamba akala sukuma wiki yote ya mke wangu kabla sala ya chakula haijaisha. Mimi Mkamba wa Machakos nilidhani nimepewa ng'ombe, nikasema asante. Kumbe nilikuwa nimepewa na jina. Kwa kabila la mzee, mtu akikupa mtamba, nyinyi wawili mnaacha kuitana majina. Yeye anakuita paashe, nawe unamwita paashe, na mnaitana hivyo mpaka mmoja amzike mwenzake. Maana yake ni kwamba kati yenu kuna mtamba. Nimewahi kukutana na wazee wawili wa Kajiado ambao watoto wao hawajui baba zao walibatizwa nani, kwa sababu paashe kwa paashe ndivyo walivyosikia tangu utotoni.

Nilijidai jina hilo halina uzito. Lakini mara ya kwanza aliponiita hivyo mbele ya ndugu zake, mimi mtu wa kuja, nilienda nyuma ya tangi nikajifanya naangalia mfereji. Nilikuwa na machozi. Baba yangu mwenyewe alikufa nikiwa darasa la tano.

Basi mtamba huyo nikamuuza.

Nilikuwa nimemweka kwa rafiki mwenye zizi huko Tuala, maana Kitengela hakukuwa na pa kumweka. Ukame ulipozidi, rafiki alinipigia simu nikiwa juu ya jengo nikipima sakafu. Akasema nyasi hamna, mbavu zinahesabika, huenda asifike mvua. Nami nilikuwa na fundi ananiuliza jambo sikio la pili. Nikasema, "Uza." Sidhani ilichukua muda wa kupiga chafya. Jioni ile ile bucha mmoja akamchukua, na nililala vizuri kabisa, nikijisifu kwamba nimeokoa kitu kabla hakijawa mzoga. Mvua ikanyesha siku kumi na moja baadaye.

Mke wangu alijua Alhamisi, siku mbili kabla ya mchezo huo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaniuliza, "Umeuza paashe?" Kisha akasema, "Utamwambia wewe. Si mimi, si simu. Mtu akienda kumwambia kabla yako, hautawahi kuonyesha uso yako pale kwetu." Kwa hiyo nilikuwa na mashimo tisa ya kusema maneno mawili.

Niliamua nitayasema kwenye shimo la kwanza, kabla ya mpira wowote kupigwa. Nilimkuta ameshafika, kofia yake ya sufi kichwani, ananyoosha mabega.

"Sopa, paashe," akanisalimia kwa lugha ya kwao.

"Ipa, paashe," nikaitikia.

"Msichana yangu ako aje?"

"Ako sawa."

"Watoto?"

"Wazima."

"Ng'ombe?"

"Mzima," nikasema.

Naapa sikukusudia. Salamu za kule zina mwendo wake. Ukishaingia ndani yake mdomo unajiendea wenyewe. Watoto wazima, ng'ombe mzima, mvua ipo, Mungu yupo. Nilisikia neno likitoka na nikataka kulivuta kwa mkia, lakini mzee alikuwa ameshageuka, ameinama, ameupiga mpira wake katikati kabisa ya majani mafupi. Sasa sikuwa tena mtu aliyeuza ng'ombe. Nilikuwa mtu aliyeuza ng'ombe halafu akadanganya.

Mpira wangu ulikwenda kwenye miiba. Niliutafuta kwa hasira, nikachanwa mkono, nikaupiga tena kabla sijasimama sawasawa.

Kwenye shimo la pili nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anapiga. Mara ya pili ndege ndogo ilipita juu. Mara ya tatu hakukuwa na kisingizio, ila nilimwambia upepo umezidi.

"Hii upepo haiko mbaya," akasema. "Ni wewe unapiga mbio. Pumua, paashe."

Kila alipolitaja lile jina nilihisi kama mtu anayesifiwa kwa mtihani alioibia.

Maji yanaanza shimo la tatu. Watu hutoka Nairobi kupiga picha pale, na siwalaumu. Upande wa kushoto bwawa limetanda tulivu, bata bukini wanatembea ukingoni kama wenye mali. Ng'ambo ya ua kuna tambarare isiyo na mwisho, na asubuhi ikiwa safi vilima vya Ngong vinaonekana upande wa magharibi. Siku ile pundamilia kama kumi hivi walikuwa wamesimama kwenye nyasi zinazowafika magotini. Nyasi! Mbichi, nene, zimejaa hadi kando ya lami. Mzee alisimama akazitazama kwa raha ya mtu aliyepitia ukame mwingi. Mimi nilizitazama nikitamani kuzing'oa. Siku kumi na moja tu. Kama ningemwambia rafiki yangu anunue marobota machache ya nyasi kavu, kama ningemaliza kumsikiliza, mtamba angekuwa anakula hizi.

Shimo la nne nilipiga mipira miwili ndani ya maji, mmoja baada ya mwingine. Mzee akacheka hadi akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Samaki ya hapa itakushukuru. Umeipatia mayai."

Nikacheka pia. Ndicho kilichonichukiza kuliko vyote: kwamba niliweza kucheka.

Kuna benchi la mbao kabla ya shimo la tano, na huko ndiko mzee anakotoa chupa yake ya chai. Alimimina, akanipa kikombe kwanza. Ndipo akaanza kusimulia, bila kuulizwa, habari za ng'ombe aliyemzaa mtamba wangu. Katika ukame mbaya wa zamani, alisema, walibakiwa na ng'ombe wachache sana, na huyo mama wa mtamba alikuwa ndama aliyeshindwa kusimama. Mke wake, yaani marehemu mama mkwe wangu, alimwingiza ndani ya nyumba akawa anamnywesha uji kwa mkono, uji wa watoto. "Nilimwambia, mama, hii itakufa. Akaniambia, wewe ni daktari wa ng'ombe, mimi ni mama ya ng'ombe, toka." Akatabasamu akitazama maji. "Zile zingine zote zilienda. Hiyo ikabaki. Hiyo yako ndio ya mwisho kwa hiyo uzazi. Ndio maana nilikupatia wewe, msichana yangu akuwe nayo karibu."

Hilo hakuwahi kuniambia. Chai ilinipalia. Akanipiga mgongoni, akaniambia ninywe polepole, hakuna mtu ananifukuza.

Shimo la sita silikumbuki.

Ninachokumbuka kwenye la saba ni kwamba nilishapanga kutosema. Nitanunua mwingine, nilijiambia, mwekundu, wa umri ule ule. Nitamtafutia kipaji cheupe hata kama ni kuzunguka minada yote mpaka Kona Baridi na kushuka huko chini. Mke wangu nitambembeleza. Akili yangu ilikuwa ikipiga hesabu hizo za kijinga huku mikono ikipiga mpira, na ajabu ni kwamba mpira ulikwenda vizuri. Shimo la saba nilimshinda mzee. Nadhani ndilo pekee nililowahi kumshinda bila yeye kunionea huruma.

"Ii! Leo umeamka," akasema, akiurudisha mpira mfukoni. Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Paashe, Jumatatu niko na safari ya Rongai. Nitapitia Tuala niangalie hiyo ng'ombe. Saa hii inafaa kuwa tayari ya dume. Niko na dawa ya minyoo kwa gari, nitaipatia."

Njia ya mwongo ni fupi, nayo yangu iliishia hapo.

Shimo la nane unapiga kuvuka maji. Unasimama kwenye ulimi wa nchi kavu, bwawa mbele, bendera ng'ambo. Hakuna pa kwenda ila mbele au kurudi. Ng'ombe wa watu walikuwa wanakunywa upande ule wa mbali, kwa sababu mwenye uwanja ameacha sehemu moja ya ua wazi kwa ajili yao, na njuga zao zilisikika hadi kwetu. Mzee alikuwa ameweka mpira wake, anapima upepo kwa kurusha majani.

"Ile ng'ombe haiko," nikasema.

Aliacha majani yaanguke. Akageuka. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, kwa upole, kama ananisogezea kiti.

"Ilikufa?"

Naomba msomaji aelewe alichokuwa ananipa. Mtamba akifa, Mungu amechukua, na jina linabaki. Nusu ya wazee wanaoitana paashe, mtamba wao alishakuwa mifupa miaka mingi. Ilitosha niseme ndiyo tu. Ukame ulikuwepo, kila mtu alipoteza, na bucha hatoi ushahidi. Nilitaka kusema ndiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini mbele yangu nilimwona marehemu mama mkwe akimnywesha ndama uji wa watoto, na binti yake aliyekaa ukingoni mwa kitanda.

"Niliiuza," nikasema. "Ilikuwa imekonda. Niliambiwa kwa simu nikasema iuzwe. Bucha aliichukua."

Njuga ng'ambo. Mzee akaitazama fimbo yake, akaifuta ncha kwa kidole gumba.

"Haukunipigia."

"Sikupiga."

"Mimi ningekuja na nyasi. Niko na pikapu."

"Kwetu mtu akikupa kitu ni chako," nikasema, na papo hapo nikalijutia neno hilo, maana lilikuwa kweli na halikusaidia chochote.

"Hata kwetu ni yako," akasema. "Ukamue, uzalishe, hata uchinje siku ya sherehe uniite tukule pamoja. Mimi sikatai hiyo. Lakini kuuza ni kitu ingine."

Nikamwambia nitaleta mwingine. Nilisema haraka, maneno yakikanyagana, nikataja rangi, nikataja kipaji, nikataja wiki ijayo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ukileta nitashukuru," akasema. "Itakuwa ng'ombe nzuri."

Kisha akaupiga mpira wake. Ulivuka maji yote ukatua karibu na bendera. Wangu nao ulivuka. Tulizunguka bwawa kwa mguu, yeye mbele, mimi nyuma, na alinisubiri pale penye tope akanipa mkono nisiteleze. Hakuwa na kinyongo. Laiti angekuwa nacho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira; mimi na hasira tunajuana vizuri, ningeijibu, ningeomba radhi, tungekwisha. Kwa ule upole sikuwa na la kufanya.

Shimo la tisa linarudi nyumbani, kupanda mlima mdogo kuelekea jengo la wachezaji. Nami nilicheza polepole kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu sikutaka lifike mwisho. Nilihesabu hatua. Nilisubiri aseme chochote, anicheke nilipokosea, aniambie nipumue. Mpira wake ukaingia. Wangu ukaingia baada ya kuzunguka ukingo mara moja, na kwa kawaida hapo angenitania.

Akavua kofia, kama desturi ya mchezo inavyotaka, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto. Akasema nimsalimie msichana wake na watoto. Kisha akaniita jina langu la ubatizo. Alilitamka taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu anayesoma kitambulisho cha mgeni, akaongeza, "Asante kwa mchezo."

Nilifungua mdomo kumjibu kama ninavyomjibu siku zote, na neno halikuwepo.

"Asante, mzee," nikasema, kama kila mtu anavyomwita.