Fahali Anayetazama Jiwe

Siku ya kwanza Getruda alipomwendea mzee Ponsian Mutalemwa, alikwenda kumshusha bei, na alijua atafaulu. Tangu mashine za kuchapa mabango ziingie Nyakato, nani alikuwa bado anamtafuta mchoraji wa brashi? Getruda mwenyewe alikuwa nazo mbili. Alianza kwa kuuza vitumbua stendi, na hakuna aliyemshika mkono. Mashine zake zilichapa chochote ila hazikujua kubuni, na kamati ya utalii ilikuwa imempa kazi ya kubuni. Lile jiwe kubwa la ufukweni, lililobeba miaka yote jina la mpimaji mmoja wa Kizungu, lilikuwa limepewa jina jipya. Sasa lilitaka nembo, bango na fulana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Mashimba. Leo mashine zimegoma?"

"Zinakula umeme vizuri tu. Nataka mkono wako."

"Mkono upo. Jicho ndilo limebaki moja, nalo lina ukungu. Presha ya macho. Daktari anasema hili nalo halimalizi mwaka."

Getruda alitaja bei ya aibu, akangoja makelele. Hayakuja.

"Nakubali," mzee alisema. "Ila jina langu likae chini, pale kwenye kona. Miaka arobaini nachora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi, sijaandika jina langu hata mahali pamoja. Hii ndiyo ya mwisho."

"Nyie Wahaya kwa sifa!" Getruda akacheka. "Haya, liandike." Moyoni alijipongeza. Jina halina bei.

"Na hilo jiwe linaitwaje siku hizi?"

"Mwamba wa Fahali."

"Fahali?"

"Fahali, mzee. Hapa Usukumani, ulitaka liitwe ndizi, kama kwenu?"

Barua ya kamati ilikuwa kwenye mkoba wake. Alikuwa ameisoma kama anavyosoma barua zote, akitafuta tarehe na tarakimu. Jina alilichukua kwa masikio, kutoka kinywani mwa mwenyekiti wa kamati, Shimba, Msukuma mwenzake.

Ponsian alikwenda ufukweni asubuhi nne mfululizo, akakaa karibu na waanika dagaa, jicho bovu amelifunika kwa kiganja. Siku ya tano akaleta ubao. Getruda hasifu mali ya mtu asije akapandishiwa bei, lakini siku hiyo alijisahau. Ilikuwa mistari saba tu ya brashi. Ulikuwa mwamba, na papo hapo alikuwa fahali aliyepiga magoti kunywa maji ya ziwa, nundu yake ndiyo ule mgongo mweusi wanapotua ndege. Kwenye kona, jina.

"Yumo mle ndani," mzee alisema. "Alikuwemo siku zote."

Wakaenda wote wawili mbele ya kamati. Katibu, dada mmoja anayeitwa Winnie, alitazama ubao, akatazama faili, akarudi kwenye ubao.

"Mama, huyu ng'ombe anafanya nini hapa?"

"Si ndiye Fahali mwenyewe?"

"Fahari, mama! Ra! Mwamba wa Fahari. Fahari ya mkoa wetu!"

"Ndivyo nilivyosema mimi," mwenyekiti akadakia. "Fahali."

Wakacheka mpaka wakapangusa macho. Mmoja akauliza kama watalii watakamuliwa mlangoni. Kisha Shimba akakunja uso: nani aliyekosea?

Getruda aliibana barua mkobani. Aliiona kazi inamponyoka.

"Mzee alisikia vibaya," akasema. "Umri."

Ponsian alikuwa amekaa nyuma yake. "Nilichora nilichoambiwa," alisema polepole. Hakuna aliyegeuka.

Walipewa wiki moja. Getruda akampelekea mzee kipande cha ubao cha kujaribia na neno lililosahihishwa. Ponsian akachovya brashi. Mstari wa kwanza ukatoka nje ya ubao, ukaishia kwenye meza. Akaiweka brashi chini.

"Jicho limezima, Mama Mashimba. Kilichokuwa kimebaki nilikimalizia kwa yule ng'ombe."

Basi Getruda akatafuta kwenye kompyuta jua linalochomoza, lile lile lililomo kwenye kalenda na mifuko ya unga, akaliwekea herufi za rangi ya dhahabu. Kamati ikapiga makofi.

Akamrudia mzee, maana hata yeye hakutaka iitwe dhuluma.

"Jina lako nitaliweka. Tulipatana."

"Chini ya nini?"

"Jua linalochomoza."

"Sikuchora jua."

"Mimi halinigharimu kitu, mzee."

"Najua. Usiliweke."

Mbao ni ghali. Jua lilibandikwa upande wa pili wa ubao uleule wa kwanza, na mafundi wakaukaza kwa bolti kwenye mwamba. Kwa hiyo fahali yupo pale, pua yake imegusana na jiwe, na jina la Ponsian limo kizani pamoja naye.

Getruda alilipwa, na kamati hiyohiyo imempa kazi mbili nyingine. Zote zilihitaji mchoro. Zote amezibandika jua.

Ponsian alipata kila walichopatana, isipokuwa kile alichokiomba. Siku hizi hukaa barazani kwa binti yake Sharon, Buswelu, uso ameuelekeza barabarani. Getruda hupita pale, maana duka analonunulia rangi za mashine liko jirani. Amejaribu mara mbili tatu kulitamka lile neno la barua. Bado ulimi unamteleza.

"Shikamoo mzee."

Mzee haulizi ni nani. Sauti anaijua.

"Marahaba," hujibu, na jina lake halitaji.