Honi ya Kuondoka

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri, mvua imetoka tu kukatika na migomba bado inadondosha maji. Baba alivua shati la kanisani, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku. Tukasikia kuku wanalalamika. Akatoka kinyumenyume akiivuta pikipiki ya Babu. Tairi hazina upepo, kiti kimejaa mavi ya kuku, na kwenye kikapu cha chuma kilichofungwa nyuma kulikuwa na mayai.

Mdogo wangu Atu, ana miaka saba, akauliza, "Baba, hiyo ni nini?"

Swali hilo liliniuma. Yaani ndani ya nyumba yetu kuna mtu hajui ile ni nini.

Najua nina miaka kumi na sita tu, na mtu wa umri wangu akisema "enzi zetu" wakubwa wanacheka. Lakini jamani, na sisi tulikuwa na enzi. Nyie mliokulia Bujonde pamoja na mimi mnajua. Tulicheza rede nyuma ya kanisa kwa mpira wa soksi, na ukipigwa nao ukiwa umelowa unakaa siku nzima na alama mgongoni. Tulinyonya kokoa mbichi mpaka midomo ikanata, mbegu tukazitema kwenye ungo kwa sababu baba zetu walikuwa wanazisubiri. Mpunga ukishavunwa tuliteleza kwenye majaruba tukarudi nyumbani na matope hadi kwenye nyusi. Atu na wenzake wanakaa kibarazani wamekusanyika juu ya simu ya Mama kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Tope kwao ni uchafu. Nilimwonyesha siku moja jinsi ya kunyonya kokoa, akaniuliza kama imeoshwa.

Na zaidi ya hayo yote, sisi tulikuwa na Jumamosi.

Babu, baba yake Baba, aliishi Ngana. Jumamosi alikwenda ziwani Matema kuchukua vyungu kwa wafinyanzi, akavipanga kwenye kile kikapu na kuvizungushia nyasi za mpunga visigongane, juu yake samaki waliofungwa kwenye jani la mgomba. Akirudi alipitia kwetu. Uso wake siukumbuki vizuri kama ninavyoukumbuka mlio wa pikipiki yake. Ekzosi ilikuwa imetoboka zamani, akaiziba kwa kipande cha kopo la rangi na waya, kwa hiyo ilitoa sauti ya mtu anayekohoa na kucheka kwa pamoja. Tulikuwa tunaisikia ikiwa bado mbali sana, tunaacha rede, tunakimbia. Lakini hatukuwa na haki ya kufika kabla ya honi.

Hapa kwenye kona ya migomba, kabla nyumba yetu haijaonekana, Babu alikuwa anasimama na kupiga honi mara mbili. Fupi, kisha ndefu. Honi yenyewe ilikuwa imekauka sauti kama jogoo mwenye mafua. Ilikuwa inapigwa kwa ajili ya Mama.

Kwetu mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wake. Si chuki, ni heshima tu, na wala si kitu cha kufundishwa shuleni. Mwalimu wetu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine hili lilimshinda kabisa. Aliuliza darasani, "Sasa wakikutana njiani?" Mtu wa nyuma akajibu, "Mmoja anaingia majanini, mwalimu." Akadhani anataniwa. Siku hizi, kweli, naona mabinti wameolewa mwezi huu na mwezi huohuo wanapiga picha wamemkumbatia mkwe begani. Siwasemi. Ila Mama yangu, akisikia zile honi mbili, alikuwa anaacha chochote kilichomo mkononi, anavuta kitenge mpaka kichwani, anaingia jikoni na kurudisha mlango. Jiko letu liko nyuma, limejitenga. Babu ndipo anaingia uani, anazima pikipiki, anakaa kwenye benchi lake na kugeuzia jiko mgongo.

Halafu naanza kazi mimi.

"Tusa, mwambie mama yako, mugonile."

Nakimbia mpaka mlangoni mwa jiko. "Mama, Babu anasema mugonile."

"Mwambie tumelala salama. Yeye mgongo vipi?"

Nakimbia. "Babu, mgongo vipi?"

"Mwambie mgongo ni wangu, aliukuta na atauacha."

Mama ndani anacheka huku ameziba mdomo. Na kicheko kinatoka kabisa, kila mtu anakisikia. Babu ananiuliza, "Huyo anayecheka ni nani?"

"Ni Mama."

"Mimi sijasikia kitu."

Walikuwa wanasikiana neno kwa neno, ila lazima wanisubiri mimi nifike. Wakati mwingine nikianguka katikati ya uwanja walikuwa wananyamaza wote wawili mpaka niinuke. Niliwapelekea habari za samaki, za mbegu ya mpunga, za shangazi aliyegombana na mumewe. Mama akipakua wali, napeleka. Babu akimaliza anasema, "Mwambie ndaga fijo, asante sana, na chumvi leo ameikumbuka." Watu wa shule wanaonijua sasa hawawezi kuamini. Mwalimu wa darasa huandika kwenye ripoti yangu "mkimya mno." Nikisimama kujibu swali shingo inapata moto. Lakini miaka ile niliongea kutwa nzima. Nafikiri ni kwa sababu maneno hayakuwa yangu, na maneno ya wengine sikuwahi kuyaonea aibu.

Babu akiondoka alisimama tena palepale kwenye kona, akapiga honi moja tu, ndefu. Hiyo ndiyo honi ya kuondoka. Maana yake, toka, nimekwenda. Mama anafungua mlango, anasimama uani, ananyoosha mgongo kwa mikono miwili, kisha anachukua ufagio na kufagia chini ya benchi.

Nilikuwa darasa la sita Jumamosi ile. Honi mbili zilipigwa kama kawaida, Mama akaingia jikoni, Babu akakaa. Aliniomba maji. Nilipoyaleta, kikombe kilimponyoka na yeye akaanza kuelemea upande. Baba alipiga kelele, jirani akaleta gari, wakambeba. Pikipiki ilibaki uani imesimama, na nyasi za mpunga kwenye kikapu. Hakurudi kutoka hospitali. Kwenye mazishi Mama alisimama nyuma ya wanawake wote, kitenge kimefunika uso, na watu walipopita kumuaga Babu yeye hakupita. Picha ya Babu iko moja, ya kitambulisho, Baba ameiweka kwenye Biblia. Mama hafungui ukurasa huo. Nilimuuliza siku moja kama hataki kujua alikuwa anafananaje. Akasema, "Namjua. Nilikuwa namsikia."

Sasa, kilichomfanya Baba aitoe bandani ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja siku ya kazi na mkokoteni, akaichungulia, akamwambia Mama hiyo kwa hali yake ni mzigo tu. Mama akamjibu, "Ina mwenyewe." Mtu yule akauliza mwenyewe yuko wapi, na Mama akaingia ndani. Baba alipohadithiwa alisubiri Jumapili ifike.

"Tutaitengeneza," aliniambia huku anafukuza kuku. "Mimi na wewe. Mama yako aisikie."

Muda hatukuwa nao. Baba anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ipinda, Jumatatu mpaka Jumamosi, anarudi na pumba kwenye kope. Mimi niko kidato cha tatu, na Jumamosi tunasoma ziada. Ilibaki Jumapili baada ya chakula, na Kyela Jumapili ya masika mvua nayo inataka sehemu yake. Jumapili moja ilichukuliwa na msiba, nyingine na kokoa iliyokuwa juani na wingu limeshaanza kukusanyika. Tulikuwa tunapata saa mbili, saa moja, mara nyingine muda wa kufungua nati moja iliyooza na kufunika tena kwa turubai.

Injini ilikuwa imekamata, kiki haishuki hata kidogo. Baba akafungua plagi, akamimina mafuta kwenye tundu, akasema tuiache wiki nzima inywe kama mgonjwa. Tenki lilijaa kutu. Tulitia kokoto ndani, tukalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, na Atu akasema ni ngoma nzuri, ndiyo sifa pekee aliyoitoa. Kabureta nilipewa mimi. Niliisafisha kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, kwa sababu vile vitundu ni vidogo na waya unavikwaruza. Niliona ni haki, kuku walipe pango.

Mama alikuwa anapita na ndoo zake bila kuangalia. Ila jiko lilikuwa wazi, na kila tulipopiga kiki sufuria ndani zilinyamaza.

Basi injini ilipoachia, Baba kwa furaha alikwenda Kyela mjini akarudi na ekzosi mpya inayong'aa, na honi mpya. Jumapili hiyo pikipiki iliwaka. Sitasahau uso wa Baba. Ilinguruma laini, imetulia, na honi ikalia pii, safi kabisa. Majirani walichungulia. Baba akapiga honi mbili, fupi na ndefu, akatazama jikoni.

Mlango ukabaki wazi. Kisha Mama, bila kutoka: "Tusa, mwambie baba yako hiyo ni bodaboda."

Baba akasema, "Mwambie injini ni ileile."

"Mwambie nimesikia. Na bado ni bodaboda."

Nilikuwa nimeshafika katikati ya uwanja ndipo nikajitambua. Miaka yote hii sikuwa nimebeba maneno ya mtu, na miguu ilikuwa inakumbuka.

Baba alizima, akakaa juu ya debe. Nilimhurumia. "Kwa hiyo nitoe kipya, nirudishe kutu?" aliuliza, sijui alimuuliza nani. Ile honi ya zamani ilikuwa bado kwenye kopo la nati. Ekzosi iliyotoboka alikuwa ameitupa, na tuliitafuta shambani mpaka Atu akakiri kwamba anayo. Aliifukia nusu kwenye tope nyuma ya choo, amefanya daraja la magari ya maganda ya kokoa. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Nilimwangalia, nikayameza maneno yangu yote kuhusu watoto wa siku hizi. Sikuyameza yote, lakini mengi.

Jumapili iliyofuata tulirudisha kutu mahali pake. Kopo la rangi, waya, vyote. Baba akaitoa barabarani kuijaribu, akaenda mbali kuelekea Ngana. Mimi na Mama tulikuwa uani, yeye anachagua mchele kwenye ungo, Atu anachokoza kuku. Mlio ukaanza kusikika kutoka mbali. Unakohoa na kucheka kwa pamoja. Vidole vya Mama vikapunguza kasi. Ukakaribia, ukasimama kwenye kona. Honi ya jogoo mwenye mafua. Fupi. Ndefu.

Mama aliweka ungo chini, akavuta kitenge kichwani, akaingia jikoni na kurudisha mlango.

"Mama," Atu akamwita kwa mshangao, "unamkimbia Baba?"

Ndani kikatoka kicheko kilekile cha kuzibwa mdomo. Baba aliingia, akazima, akauona ungo na mlango. Akashuka taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi, na sidhani kama alifikiri, akageuzia jiko mgongo. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Tusa," Mama akaita kutoka ndani.

"Abee." Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Mwambie..." Alikuwa amekaa kwenye kigoda gizani, kitenge bado kichwani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, si ya kupelekwa: "Siku ile hakupiga ya kuondoka. Nilikaa humu nikiisubiri. Gari nililisikia, lakini gari si yeye."

Maneno hayo sikumpelekea Baba. Ni ya kwanza niliyopewa nikabaki nayo.

Usiniulize kama zamani kulikuwa bora. Samaki wanafika kwa bodaboda, kila siku na si Jumamosi tu, na vyungu vya Matema Mama anaagiza kwa simu. Anaongea zaidi na watu waliopo Mbeya na Dar kuliko alivyowahi kuongea na mtu aliyekula wali wake miaka yote hiyo. Hakuna anayehitaji mtoto wa kukimbia katikati ya uwanja. Ila simjui mtu wa siku hizi anayesimama mbali kidogo na kukupa nafasi ujiandae kabla hajaingia kwako, na akiondoka anakujulisha ili uwe huru.

Kesho yake asubuhi, Baba akiwa bado anakunywa chai, nilivaa sare, nikaikokota pikipiki mpaka kwenye kona ya migomba. Wanawake waliokuwa wanakwenda shamba walinisalimu, "Mugonile," nikaitikia nikitazama chini. Nilisubiri wapite. Nikapiga kiki, ikagoma, nikapiga tena mpaka ikakohoa na kucheka. Niliweka kidole gumba kwenye honi, nikaibonyeza mara moja, ndefu, nikaishikilia mpaka kidole kikauma.

Kupitia kwenye migomba niliuona mlango wa jiko ukifunguka. Mama akatoka, akanyoosha mgongo kwa mikono miwili, akachukua ufagio, akaanza kufagia chini ya benchi.

Nikaizima, nikaikokota kurudi nyumbani. Shuleni nilichelewa kuhesabiwa namba.