Kitabu kilichorudi safi

Mwalimu mstaafu amenifutia mke wangu leo asubuhi.

Nilipokimbia Burundi nilibeba riwaya moja tu. Marehemu mke wangu alikuwa ameijaza maoni yake kwa penseli, pembeni mwa kila ukurasa.

Hapa Nguba, mtaa wa ng'ambo ya mpaka ninakoishi sasa, tunaazimana vitabu, nami nikamwazima riwaya hiyo mwalimu huyu, jirani yangu. Leo kairudisha, meno nje:

"Papa, nilikusafishia kitabu! Penseli ilikuwa kila fasi. Ni vile tulikuwa tunafanya na vitabu vya wanafunzi ku masomo mwisho wa mwaka."

Sikumpa hata kiti.

"Uliyasoma hayo maoni kabla ya kuyafuta?"

"Yote! Ule muntu iko na akili kupita mwenye aliandika kitabu."

Nimefunga mlango, nikampa penseli. Atarudisha kila neno analolikumbuka.

Yuko ukurasa wa tatu, analalamikia njaa. Mke wake akisoma ujumbe huu, asimsubiri kwa chakula.