Kabati la Mtu Mmoja

Ukiingia kwa Epifania pale Runzewe, nyuma ya soko, usihangaike na makochi wala picha ya Bikira Maria. Tazama ukuta wa kulia. Ulipigwa chokaa zamani, moshi wa koroboi ukaugeuza rangi ya chai. Lakini juu kule kuna mahali patatu pamebaki peupe, kila mahali pana pembe nne kamili, utadhani mtu aliosha hapo tu akachoka. Hakuosha mtu. Ndipo yalipokaa masanduku ya watoto.

Mumewe Ignas, Mungu amlaze pema, hakusomea useremala. Alikuwa mchimbaji, na mchimbaji hana nyumba, ana mahali pa kulala. Leo mko Nyarugusu, kesho anatokea mtu anahema, anasema kuna rashi, dhahabu imeonekana porini upande fulani, na kabla jua halijapanda kambi nzima imekunja maturubai inaifuata. Kabati utalibebaje? Unaliacha. Epifania aliacha makabati mawili kwenye kambi mbili, na kwa la tatu akagoma. Akamwambia mumewe kwamba kama anataka kufuatwa, amtengenezee kitu kinachojua kutembea.

Ignas akakaa siku tatu bila kushuka duarani, shimoni kwenye dhahabu. Wenzake wakamcheka, wakasema mke amemfungia shimo. Alichora chini kwa kijiti, akafuta kwa mguu, akachora tena. Mwisho akapasua mninga, akatoa masanduku sita yaliyo wazi upande wa mbele, yote ndugu: urefu shubiri tatu, upana shubiri moja na nusu. Msumari hakuna hata mmoja. Kila sanduku lilikuwa na matundu mbavuni, na vijiti vya kuchomeka. Ukilisimamisha ni refu, ukililaza ni pana, na mawili yakisimama bega kwa bega yanabeba moja lililolala juu yao bila kuzidi hata unywele. Mkipata chumba kirefu mnapanga kwenda juu, mkipata kibanda mnapanga kwenda pembeni. Rashi ikiita, mnang'oa vijiti, kila mtu na sanduku lake na vitu vyake humo: la baba, la mama, la Raphael, la Jenifa, la Evance, na la sita la vyombo likafungwa kwenye baiskeli.

Kulipanga tu ndiko kulikotaka wawili. Mninga si karatasi. Mmoja analiinua sanduku na kulikaza, mwingine anagonga kijiti kwa nyundo ya mti. Ignas kabla ya kugonga husema, "Shika." Anayeshika hujibu, "Nimeshika." Usipojibu hagongi, hata mkae hapo mpaka kuku walale. Wale watoto walilijua neno hilo kabla ya kuijua Baba Yetu.

Halafu mambo yakaenda yanavyokwenda. Ignas akazikwa hapa Runzewe, mahali pa kwanza walipojenga kwa tofali. Raphael akachukua sanduku lake akaingia machimboni Geita, na huko anakohamia na kuhama simu yake hushika siku inayotaka. Jenifa akaolewa Shinyanga mjini. Evance, mziwanda, akaenda Nkome kwenye dagaa. Kila mmoja aliondoka na sanduku lake, maana baba yao alisema sanduku ni la mwenyewe. Epifania hakumzuia hata mmoja. Alisimama mlangoni mgongo umenyooka kama mtu anayehesabu mizigo ya wageni.

Evance, kabla hajaondoka, ndiye aliyemsaidia kuyashusha matatu yaliyobaki. Mawili wakayasimamisha, moja wakalilaza juu. Likawa kabati lililochuchumaa. "Shika," akasema Evance. "Nimeshika," akasema mama. Hii ni mvua ya tatu sasa, na tangu siku ile kabati halijasogea hata kidole. Chini yake hapafagiliwi. Mara moja alijaribu kulivuta peke yake, akaumwa kiuno juma zima, na jirani alipomuuliza akasema ni kulima.

Sasa, Jumatatu moja Jenifa akapiga simu. Akasema Jumapili baada ya misa atakuja na pikapu, amchukue mama yake wakakae Shinyanga, chumba kiko tayari, kitanda kipo. Halafu akauliza neno ambalo hakutakiwa kuliuliza. Akasema, "Mama, hapo unakaa na nani?"

Epifania angeweza kusema anakaa na majirani, au na Mungu, kama wajane wenzake wa jumuiya wanavyosema. Lakini lilimchoma. Akajibu kwamba nyumba yake imejaa, na hata kabati la baba yao limejaa tena, sanduku juu ya sanduku mpaka boriti.

 Jenifa anamjua mama yake. "Vizuri," akasema. "Nikikuta limejaa, nakuacha na nyumba yako. Nikikuta ni maneno, nakubeba wewe na godoro."

Basi ndiyo hivyo. Alikuwa na siku sita za kujaza ukuta.

Jumanne asubuhi akaenda kwa Nkwabi, fundi aliye na banda njia ya kwenda Ushirombo, akaagiza masanduku matatu. Nkwabi ni Msukuma, mtu mpole, humwita kila mwanamke mzima mayu, yaani mama. Akaamkia, akasikiliza, akasema hiyo si kazi ngumu, alete tu sanduku moja la zamani alifanyie kipimo. Epifania akakataa. Sanduku likitoka nyumbani kwake halirudi, ameyaona matatu. Fundi akasema basi atakuja mwenyewe na futi yake, ile ya bati inayojikunja. Hilo nalo akalikataa. Hakutaka mtu aje aone ukuta wake na yale meupe. Na zile namba za kwenye futi zilikuwa ndogo kama chawa, na yeye na namba hawajapata kupatana.

"Andika shubiri tatu kwa moja na nusu," akasema. "Mume wangu alitumia hizohizo na hayakukosea."

"Kila mtu ana shubiri yake, mayu."

"Shubiri ni shubiri. Mungu hakutupa futi."

Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa pale wakacheka, mmoja akamwambia fundi akubali tu, asije akapimwa yeye. Nkwabi akachukua fito, akamwomba aweke mkono. Epifania akatanua kiganja, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, fundi akakata alama kwa kisu. Na matundu akaonyeshwa yakae wapi: kila pembe, nusu shubiri kutoka ukingoni.

Ijumaa mchana guta la matairi matatu likaleta masanduku na vijiti vyake. Mbao za paina, nyeupe, zinanukia. Epifania akalisimamisha moja ubavuni mwa lile la Ignas akainama kutazama matundu. Hayakuonana. Sanduku jipya lilikuwa fupi kwa vidole sita. Juu ya lile la mninga lilikaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee.

Alikwenda kwa Nkwabi kwa miguu, jua kali, kanga imemtoka begani bila yeye kujua. Akamwambia mbele ya wateja kwamba amempunja mbao, kwamba amemwona mjane ndiyo maana, kwamba fundi wa kweli hali mbao ya mtu. Alisema mengi. Wale wa kahawa safari hii hawakucheka, walitazama vikombe vyao.

Nkwabi hakubishana. Akaitoa ile fito nyuma ya ubao, bado ina alama. "Weka mkono, mayu."

Akaweka. Ukalala kwenye alama kama yai kwenye kiota.

Epifania akautoa mkono, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Samahani ilikuwepo, lakini ilikwama pale pale ilipozoea kukwama.

Nyumbani akaenda kwenye sanduku la mumewe, lenye randa yake na kofia na kikombe cha bati. Akapima. Shubiri moja, mbili, tatu, na ukabaki ubao vidole sita. Akarudia, labda mkono ulichoka. Ukabaki. Miaka zaidi ya arobaini Ignas alisema shubiri, naye akasema shubiri, kila mmoja akidhani wanasema kitu kimoja. Shubiri ya masanduku ilikuwa ya Ignas. Mkono wa Ignas ulikuwa mkubwa, hilo alilijua, ulimshika mgongo wote wakati wa baridi. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba nyumba yote ilipimwa kwa mkono huo, na kwamba mkono wenyewe uko chini ya udongo nyuma ya kanisa. Akakaa chini, mgongo kwenye kabati. Jioni ile hakupika. Kumpikia nani.

Jumamosi ya mapema akarudi bandani. Watu walikuwepo walewale, na alitaka wawepo, maana tusi alilitoa mbele yao.

"Fundi," akasema, "mpunjaji ni mimi."

Nkwabi akasema yamekwisha. Akasema pia kwamba kwa leo mbao ndefu hana, labda Jumatano, na bado atahitaji lile sanduku la zamani. Epifania akamwambia aache. Akanywa kahawa waliyompa, akakataa ya pili.

Aliporudi, masanduku madogo matatu yalikuwa yamezagaa chumbani yakimzuia njia ya kitandani. Akalishika moja alisogeze. Likanyanyuka. Akasimama nalo kifuani, mikono imelizunguka, vidole vimekutana upande wa pili. Akaliweka, akanyanyua jingine. Nalo likaja.

Akasimamisha mawili. La tatu akalilaza juu. Matundu yakaonana yote. Akaegemeza goti upande mmoja, akachomeka kijiti, akagonga kwa mchi. Kikaingia. Cha pili na cha tatu navyo. Akarudi nyuma akatazama. Lilikuwa kabati, fupi, la kiunoni, lakini kabati. Akaling'oa akalipanga karibu na dirisha. Akaling'oa tena akalipeleka mlangoni, yote matatu yamelala, kama benchi. Mpaka saa kumi alikuwa amelihamisha mara tano bila kumwita mtu, na jasho linamtoka, na mara moja alicheka. Mwisho akaliweka kando ya kitanda: chini nguo, pembeni sufuria na chumvi, juu rozari na simu.

Lakini ukuta wa kulia ulikuwa vilevile, na meupe yake matatu.

Jumapili Jenifa akafika akiendesha mwenyewe, amenenepa, ananukia sabuni ya mjini. Akapiga goti akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Halafu akatazama ukuta. Akatazama muda mrefu. Akaenda akagusa lile jeupe la katikati, akasema hili lilikuwa langu, na kwamba kule Shinyanga sanduku lenyewe sasa lina viatu vya watoto.

"Ulisema limejaa," akasema.

"Yalikuwa maneno."

 Jenifa akaingia chumbani, akaanza kukunja godoro, maana ahadi ni ahadi. Halafu akaliona lile kabati jipya, akainama alibebe.

"Usishike," akasema Epifania.

Akatoa rozari na simu, akatoa sufuria, akatoa nguo. Akang'oa vijiti. Akanyanyua sanduku la kwanza, akalipeleka upande wa pili wa chumba. La pili. La tatu. Jenifa alikuwa amenyoosha mikono bila kujijua, tayari kushika, kama alivyofunzwa na baba yake. Hakupewa kitu cha kushika. Mama aliweka goti, akachomeka, akagonga. Vijiti vyote. Akarudisha nguo, sufuria, chumvi.

Jenifa akakaa juu ya godoro lililokunjwa nusu. Machozi yakaanza kumtoka, akayafuta kwa ukingo wa kitenge.

"Huogopi, mama? Peke yako hivi?"

"Naogopa. Lakini kwako nitakuwa mtu wa kukaa kitini nangoja kusogezewa."

 Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi sokoni. Baadaye Jenifa akauliza mbona kabati hili ni dogo, mama akamweleza habari yote, fito, tusi, kofia ya mtoto, mpaka Jenifa akacheka na machozi bado yapo. Akatanua mkono wake juu ya ubao wa sanduku lile dogo. Shubiri tatu, kamili, haikubaki hata nafasi ya ukucha. Akatazama mkono wake kama ameazimwa.

Akasema basi ampe sanduku moja tu, aliweke kando ya kitanda chake kule.

"Sanduku halitoki tena humu," akasema Epifania. "Chukua kipimo. Unacho mkononi. Nkwabi anakijua."

Jenifa akalitandika godoro lilivyokuwa. Alikula ugali na mlenda, akaosha vyombo, akaondoka jua likiwa bado juu. Pale bandani kwa Nkwabi pikapu ilisimama kidogo, Epifania aliiona kutoka barabarani, halafu ikaendelea.

Akaingia ndani. Nyumba ilikuwa na harufu ya sabuni, ikapungua, ikaisha. Alitazama kabati akaona pale alipolihamishia, mbele ya Jenifa, halifai, linazuia mlango. Akatoa vitu, akang'oa vijiti, akayabeba moja moja mpaka kando ya kitanda. Akalaza la juu. Akaweka goti, akachukua mchi.

"Shika," akasema, kwa mazoea.

Mchi ukabaki hewani. Akangoja. Bila jibu hagongi mtu, ndivyo ilivyokuwa nyumba hiyo siku zote.

"Nimeshika," akasema Epifania, akagonga.