Kiatu cha Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Mama Soli, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Kibanda chake cha viatu, alichorithi kwa marehemu mumewe pamoja na nyundo, kalibu za mbao za kuumbia viatu na wateja wasumbufu, kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Humo ndani kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna kiatu kinachotoka bila mwenyewe kukivaa na kutembea. "Tembea nikuone," alikuwa akisema. Mtu alikwenda mpaka duka la jirani na kurudi, na Mama Soli ameinamisha kichwa, wala hatazami, anasikiliza. Alidai masikio yake hujua kiatu kinachobana kabla mwenye mguu hajajua. Alikuwa na majivuno, tuseme ukweli, ila yalikuwa majivuno ya kazi.

Sheria hiyo ilianza na bintiye wa mwisho, Kitinda, aliyezaliwa mguu wa kushoto ukiwa mfupi kuliko wa kulia. Madukani kiatu chake hakikuwepo. Basi tangu mtoto anajifunza kusimama, mama alimshonea pea yake mwenyewe: cha kulia cha kawaida, cha kushoto kimeinuliwa kwa tabaka za mpira mgumu, unene wa vidole vinne. Akivaa viatu vya mama, Kitinda alitembea sawa kama watu wengine, na akiulizwa kwa nini viatu vyake ni kama matofali, alijibu, "Mwenzenu nimejengwa, ninyi mmezaliwa tu." Mdomo huo aliurithi kwa baba.

Kisha Kitinda akapata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, kazi ya kusimama kutwa. Aliondoka na pea mbili. Ya kwanza ilikwisha, ya pili ikaanza kuachama mdomo, na kutengenezewa kiatu cha namna ile huko kulitaka mshahara wa miezi. "Mama, nyonga inaniuma," alisema kwenye simu, halafu akacheka haraka ili mama asishtuke. Mama alishtuka. Msimamizi wa kiwandani, alisema Kitinda, alikuwa ameanza kumtazama miguu, na pale mtu asiyeweza kusimama hana kazi.

Kushona hakukuwa shida. Shida ilikuwa kufikisha. Kampuni ya mizigo ya haraka ilimtajia Mama Soli bei iliyomfanya aulize kama kiatu kinapewa kiti chake kwenye ndege. Akamwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akisafiri mara kwa mara kufuata vipuri vya magari. Shemeji akakishika kiatu cha kushoto, akakigeuza, akakibonyezabonyeza.

"Shemeji, nakuheshimu," akasema, "lakini soli nene hivi? Uwanja wa ndege wakiniuliza ndani mna nini, nitawaambiaje?"

"Waambie mna mpira."

"Ndivyo wanavyosema wote wanaokamatwa, shemeji."

Mama Soli akarudi na viatu vyake kwapani, amefura, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu shemeji alikuwa na haki.

Ikabaki posta. Kwenye dirisha la vifurushi aliketi karani mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Gramu, kwa kuwa hakuwahi kumsamehe mtu hata gramu moja. Akamweleza mambo yalivyo: iko bei ya vifurushi vidogo, nafuu kabisa, mradi mzigo usizidi kilo mbili. Ukizidi, unahesabiwa mzigo mkubwa na bei inaruka, haishikiki. Akaweka boksi la viatu kwenye mizani. Likazidi. Si sana, lakini likazidi.

"Fanya hivi, mama," akasema. "Tenganisha. Kimoja kwenye boksi hili, kingine boksi lingine. Vyote vitapita bei ndogo. Utalipa mara mbili, lakini bado utakuwa umeokoa."

Ulikuwa ushauri wa maana, tena wa bure. Mama Soli alimtazama kana kwamba kamtukana.

"Kutenganisha pea? Mwanangu, kiatu hakisafirishwi bila mwenzake. Kimoja kikipotea njiani, kingine kina kazi gani?"

Kwa fundi viatu hilo si jambo la mchezo. Pea hufungwa pamoja, hupakwa rangi pamoja, huning'inizwa msumari mmoja, na ikitengana tu, kesi na mteja imeanza. Marehemu mumewe aliwahi kuzunguka mji mzima jua likimwakia akitafuta kiatu kimoja cha mtu, na hakukipata. Mama Soli hakuwa tayari kuyasahau hayo kwa ajili ya mizani.

Akaenda kuketi kwenye benchi la kungojea. Mkobani alikuwa na kisu chake na kichupa cha gundi, maana fundi hatoki bila hivyo. Akabandua ngozi ya ndani ya kiatu cha kushoto, akaanza kuuchimba mpira. Aliutoa vipande vipande na kuvifunga kwenye leso, akaacha kuta za pembeni ili kwa nje kisibadilike sura. Mkono ulifanya kazi, moyo ukakataa. Angekuwa mwanafunzi wake ndiye anayefanya vile, angemtimua kibandani siku hiyo hiyo. Lakini alijiambia kwamba Kitinda ni mwepesi, kwamba itashika, kwamba ni kwa muda tu. Akabandika ngozi, akalifunga boksi, akarudi dirishani. Bwana Gramu akatazama mizani, akagonga muhuri.

Ujumbe ulikuja baada ya majuma kadhaa, sauti ya Kitinda ikirukaruka. "Mama, vimefika! Halafu vyepesi! Utadhani sijavaa kitu!"

Neno hilo, vyepesi, lilimchoma. Alitaka kumwambia papo hapo, akalimeza. Mtoto amefurahi, aachwe afurahi kidogo.

Tangu hapo usingizi ukawa wa kubahatisha. Kila walipozungumza kwa video, Kitinda alikuwa ameketi. Ameketi kitandani, ameketi jikoni, ameketi hata akipiga mswaki. Mama akisema, "Simama, tembea nikuone," binti hakukosa jibu: chaji inaisha, mwenzake wa chumba amelala, sakafu imelowa. Mama Soli akaona sakafu za ng'ambo zinalowa kupita kiasi.

Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, kile cha kushoto nilikichimba. Pale pale posta, ili kipungue uzito. Nilikutumia kiatu kibovu, na nilijua."

Kitinda akainama, akakichukua kiatu. Kisha picha ikayumba, ikatokea soli. Ukuta wa pembeni ulikuwa umepasuka na kukunjamana, na ndani ya shimo yameshindiliwa makaratasi ya boksi. Kwenye kipande kimoja Mama Soli aliuona mwandiko wake mwenyewe, nusu ya anwani.

"Nilidhani nimekikanyaga vibaya," akasema Kitinda. "Nikasema, mama kakesha anashona, mimi nimekiua kwa siku chache. Ningekwambiaje?"

"Na ukawa unasimama hivyo hivyo kutwa?"

"Nakata kipande kipya kila asubuhi. Boksi bado lipo."

"Na nyonga?"

Kitinda akakirudisha kiatu mguuni, akafunga kamba.

"Egemeza simu ukutani," akasema mama. "Tembea nikuone."

Safari hii sakafu haikuwa imelowa. Mama Soli akainamisha kichwa, akasikiliza. Hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Mara ya mwisho kuusikia mlio huo, Kitinda alikuwa mtoto anayeshikilia ukuta, kabla hajashonewa kiatu chake cha kwanza. Mama alilia na hakujificha. Binti alipogeuka na kumwona, naye akalia, simu ikiwa bado imeegemea ukuta.

Alishona kingine, cha kushoto tu. Kilikuwa kizima, mpira umejaa mpaka juu, kizito kama kinavyotakiwa kuwa. Kalibu ya kulia haikuguswa, ilibaki msumarini. Hakukuwa na mtu wa kukijaribu, kwa hiyo akakisukuma kwa viganja vyote viwili juu ya meza, kwa uzito wake wote, mpaka mabega yakamuuma. Soli haikutikisika. Akakipeleka posta.

Bwana Gramu akakiweka kwenye mizani. Kikapita, tena na nafasi ikabaki.

"Cha haraka au cha kawaida?"

"Cha haraka ni bei gani?"

Akamtajia. Mama Soli akazihesabu noti zake, hazikufika, huku akifikiria boksi kule ng'ambo, linavyopungua kila asubuhi.

"Cha kawaida," akasema.

Karani akainua muhuri, akasita. Alimkumbuka.

"Leo umekubali kutenganisha, mama? Mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake yuko kule," akasema Mama Soli. "Anachechemea."

Akasimama pale pale dirishani mpaka boksi lilipotiwa kwenye gunia.