Ng'ombe Alipewa Nusu Ukurasa

Wamonaki wa Kibenedikto hawaongei wakila. Mmoja husoma kwa sauti, wengine hutafuna, na anayetaka chumvi huinyooshea kidole. Ndiyo maana Munyiva aliwapikia katika monasteri yao ya Waithaka miaka ishirini na miwili bila kuambiwa kama githeri yake ni tamu au ni adhabu.

Mwaka 2003 nyumba ilitimiza miaka ishirini na mitano, na mmoja wao, Padre Ephantus, akaandika historia ya nyumba hiyo. Ikaamuliwa isomwe wakati wa chakula cha mchana, kidogo kidogo, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Munyiva akawatangazia wapangaji wote wa ploti yetu kule Riruta kwamba yumo. Hakuna aliyemuuliza. Kuanzia hapo Rael wa mlango wa pili alimngoja getini kila jioni.

"Mama Kaloki, wamekufikia?"

"Bado. Wako mwaka wa sabini na tisa."

Mimi nilikuwa nikimwoshea sufuria, kwa hiyo nilisikia yote. Dirisha la kupitishia chakula tuliliacha wazi kidogo, eti moshi utoke. Tulisikia ukoo wa Mbugua ulivyouza shamba, na akina mama wa Waithaka walivyobeba mawe ya kanisa mgongoni. Ulipofika mwaka 1981, Munyiva alivua aproni. Wakasoma habari za tangi la maji. Mwaka 1986 ng'ombe aliyeitwa Rozi alivimbiwa akafa, akapewa nusu ukurasa. Mbwa aliyemuuma chifu pia alikuwamo, kwa jina.

"Labda wameniweka mwisho," Munyiva alisema.

Niliendelea kusugua sufuria. Nilikuwa na hasira na Padre Ephantus, mtu aliyekula chapati sita kila Jumapili. Labda alidhani zinaota mezani.

Msomaji wa wiki ya mwisho alikuwa Bruda Mbithi. Kwa desturi yao msomaji hula baadaye, pamoja na wapishi, kwa hiyo alikaa nasi jikoni. Alhamisi, alipokwisha kuusoma mwaka 2002, Munyiva alimpakulia bila kumtazama.

"Bruda, kesho imebaki peji ngapi?"

"Moja, Mama. Ni ya kushukuru mafundi wa paa."

Munyiva akasema sawa. Akaenda stoo kuchagua mchele ambao tulikuwa tumeshauchagua asubuhi. Alikuwa akilia.

Ijumaa Bruda Mbithi aliwasoma mafundi wa paa hadi wa mwisho, lakini hakukunja karatasi zake.

"Mwaka 1982," akasema, "alikuja Munyiva kutoka Mwala. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala njaa katika nyumba hii."

Maneno hayo hayakuwa yameandikwa popote. Na kwao anayekosea kusoma hupiga magoti katikati ya chumba mpaka mkuu agonge meza. Bruda Mbithi akaenda akapiga magoti.

Padre Wachira, mkuu wa nyumba, hakugonga. Alitafuna. Akameza. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia humo wakati wa chakula: akaongea.

"Soma tena."

Mbithi akayarudia, akiwa palepale chini. Munyiva akasukuma dirisha likafunguka lote, akatoa kichwa.

"Si themanini na mbili, Bruda. Ni themanini na moja, Oktoba," akasema. "Na mlilala njaa siku mbili nikienda kumzaa Kaloki."

Padre Wachira akamgeukia Padre Ephantus.

"Andika," akasema. "Na hizo siku mbili pia."