Pwani Niliyoizunguka Nikimtafuta Mdogo Wangu

Pwani naijua kuliko watu wengi wa Kasoli, kwetu Bariadi. Nimelala Bagamoyo, nimeona fukwe za Saadani, nimesimama kwenye magofu ya Kaole mchana wa jua kali watu wakipiga picha. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Sikwenda kutembea. Nilikuwa natafuta kaburi.

Aliyenifanya nilitafute ni mume wa mdogo wangu, mtu wa Mwamanyili, aliyekulia kando ya ziwa. Jina lake siliandiki. Akisoma atajijua.

Tulikuwa tumekwenda Pangani kwenye harusi ya nesi wa zahanati yetu. Harusi ikaisha, kesho yake tukashuka ufukweni sisi watatu, mimi, mdogo wangu na mumewe. Bahari haikuwepo. Ilikuwa imeondoka, imeacha mchanga mpaka kwenye fungu jeupe kule mbali. Kwetu mto Simiyu ukikauka umekauka. Ng'ombe wanapita katikati, sisi tunachimba mchanga tupate maji ya kunywa, na hakuna anayegeuka kutazama nyuma mpaka mvua zije. Tukaiona bahari kwa macho hayo hayo. Tukatembea.

Mama mmoja alikuwa anarudi nchi kavu, pweza wananing'inia kwenye kijiti chake. Akatupigia kelele.

"Nyie wageni, rudini! Maji yanajaa!"

Shemeji akacheka. "Mama, mimi mtoto wa ziwani. Utanifundisha maji wewe?"

"Haya, baba wa ziwani," yule mama akajibu bila kusimama. "Yakifika yaambie wewe ni nani."

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa anaokota kombe, anazifunga kwenye pindo la khanga. Akaniambia, "Dada, shemeji yako leo kapatikana." Tukaendelea.

Ziwani maji hayaondoki asubuhi yakarudi mchana. Yeye alijua ziwa, akadhani amejua maji yote ya duniani. Nami nilidhani bahari itarudi kwa mbele, tutaiona ikija. Ilirudi kwa nyuma. Kati yetu na nchi kavu palikuwa na bonde ambalo tulilivuka bila kuliona, na ndilo lililojaa kwanza, kimya, kama mtu anayeingia nyumbani mwako wakati uko shambani. Tulipogeuka lilikuwa mto.

Yeye aliogelea. Peke yake. Mimi nilikumbatia mti wa mtego wa samaki mpaka wavuvi wakanitoa. Mdogo wangu alikuwa kushoto kwangu, ananiita. Halafu akawa haniiti. Mpaka leo nikilala ubavu wa kulia, sikio la kushoto likawa juu, nasikia maji.

Na mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia naye namtaja. Alikuwa amekaa barazani, anatuona tunavyokwenda. Baadaye akasema, "Nilidhani wanajua." Alidhani akiwa anakunywa chai.

Watu walipotoka kumtafuta, shemeji akanyoosha mkono. "Amepelekwa kusini. Nimemwona kwa macho yangu." Aliona lini, na mgongo alikuwa ametugeuzia? Lakini ni mume, na ni mtu wa maji, tukamwamini. Wakatafuta kusini, wakakosa. Tukarudi Kasoli bila mtu.

Katika ukoo wetu mtu halii kabla maiti haijaonekana, au kaburi. Ukilia mapema, wewe ndiye umemuua. Basi mayu, mama yetu, hakulia. Wageni wakija kumpa pole anawajibu, "Hajarudi." Anapakua chakula, anabakiza, anafunika. Nikamwona anakauka nikiwa namwangalia. Shemeji alikwisha kuoa mwingine, kule Zagayu.

Ndiyo maana kila pamba ikishatoka shambani nilipanda basi. Kusini tu, kama tulivyoelekezwa na ule mkono. Kaole kuna makaburi yenye nguzo, na kijana wa kuongoza wageni anaeleza nani kalala wapi tangu enzi na enzi. Nilimsikiliza nikaona wivu. Wafu wa kale wana msemaji, mimi wangu wa juzi hana anayemjua.

Ni muuza samaki wa Bagamoyo aliyeniuliza, "Nani alikwambia kusini? Maji ya huku yanavuta kaskazini." Nilikaa chini pale pale, kwenye magamba.

Kaskazini ya Pangani nikafika Tongoni. Kuna msikiti uliobomoka, makaburi ya mawe, na chini yake mikoko. Mlinzi wa magofu alinisikiliza, akanipeleka kwa bibi anayeosha maiti za wanawake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Bariadi."

"Msukuma! Mtani wangu. Ng'ombe wamekwisha kwenu, umekuja kuchunga pweza?"

Nikashindwa kucheka. Akaniangalia vizuri, akaacha utani. Akasema walimkuta mwanamke kwenye mizizi ya mikoko, hawakujua kwao wala dini yake, wakamzika kama mtu wao. Akainama, akagusa mguu wake mwenyewe chini ya goti. "Alikuwa na kovu hapa. Refu."

Lile kovu la mdogo wangu ni la pembe ya ng'ombe. Sikuwa nimemtajia.

"Alikuwaje, bibi?"

"Usiniulize hilo, mwanangu," akasema, akageuza uso. "Bahari ina samaki."

Alinipeleka. Kaburi lina jiwe la matumbawe kichwani, basi. Nikampigia mayu simu. Nilipomwambia, hakuniuliza lolote mimi.

"Yupo aliyemuosha?"

"Yupo hapa."

"Mpe simu."

Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Nikasikia sauti ya mayu, Kiswahili chake cha kuungaunga, akiuliza lile lile nililouliza mimi. Bibi akafumba macho.

"Alikuwa amelala tu, mama. Mzima, mzuri. Kama mtu aliyechoka safari."

Halafu mayu akalia. Miaka yote ile ilitoka kwenye kile kisimu, mpaka mlinzi akasimama kule kwenye magofu na kuvua kofia. Bibi hakukata. Aliishikilia simu juu ya kaburi mpaka chaji ikaisha.

Mimi nililia baadaye. Pale nilikuwa natamani kitu kimoja, yule mwanamume angekuwepo asikie. Hakuwepo. Nilipofika nyumbani nilikwenda Zagayu kumwambia tumempata, na kwamba alikuwa kaskazini. Akasema, "Basi mimi niliona vibaya," akaendelea kufunga ndama.